Simu ya Bapuji

Tejas aliiweka simu mpya ya baba yake mezani, nailoni ikiwa bado kwenye kioo, akamwambia mkewe, "Kajal, muwekee app za maana. Mimi subira naye sina." Kisha akachukua gongo lake la kriketi, akashuka ngazi.

Kajal alifurahi. Tangu aolewe kutoka Tanga, siku zake zote zilikuwa ghorofa ya tatu pale Kisutu: jiko, sebule, kibaraza chenye nondo. Nje alitoka na mama mkwe wake tu, Jasvanti, kwenda hekaluni au kwa ndugu. Kwao alikuwa mwalimu wa chekechea. Kumfundisha mtu kitu, hata simu, ilikuwa kama kurudishiwa kipande cha maisha ya zamani.

Akakaa karibu na baba mkwe wake, mzee Ghanshyam, ambaye nyumba nzima ilimwita Bapuji. Mzee alikuwa na duka la vyombo vya jikoni Kariakoo, alilolifungua kabla Tejas hajazaliwa. Miaka yote alitumia kitochi, simu ndogo ya kawaida ambayo vitufe vyake alivijua kwa kidole gumba hata gizani. Kitochi kilikuwa kimekufa wiki hiyo.

"Tuanze na wasapu, Bapuji. Siku hizi wauzaji wa jumla wanatuma picha za mzigo."

"Picha za nini? Mzigo naushika kwa mkono."

"Basi hii ya bhajan, nyimbo za ibada. Utasikiliza asubuhi. Au hii ya kuita bajaji?"

Kila moja mzee aliikataa kabla haijamaliza kupakuliwa. Mwishowe akageuza uso kuelekea jikoni, akasikiliza mkewe yuko wapi, ndipo akauliza kwa sauti ndogo, "Hakuna inayosoma?"

"Inayosoma nini?"

"Chochote. Inisomee mimi."

Kajal alidhani ni miwani imechoka. Akakuza maandishi mpaka neno moja likajaa kioo kizima. "Hapa unaona?"

Mzee aliipeleka simu pembeni, karibu na sikio, akaitazama kwa pembe ya jicho kama kuku anavyotazama punje.

"Naona."

"Imeandikwa nini, Bapuji?"

Jikoni mashine ya kusagia viungo ilikuwa inaunguruma. Ilipozimwa, mzee akanong'ona, "Katikati kuna doa. Kila nikimtazama mtu, uso wake ndio unaoondoka."

"Tangu lini?"

"Tangu Diwali. Nadhani hata kabla."

"Tejas anajua?"

"Tejas akijua, duka limekwisha. Wale wa simu za jumla wamemfuata mara ngapi awapangishe fremu ya duka? Mimi nitawekwa hapa kwenye kochi, nisubiri chai mpaka siku yangu ifike." Akaushika mkono wa Kajal kwa nguvu ambayo Kajal hakuitarajia. "Na wewe hutasema. Wewe ni binti yangu."

Kajal akasema hatasema. Katika nyumba ile hakuna aliyewahi kumpa siri, na wakati ule aliipokea kama heshima.

Wakaanza upya kuchagua. Walipata app ya kamera: unaielekeza kwenye maandishi, nayo inasoma kwa sauti. Kiswahili ilikisoma kama mzungu aliyeshuka uwanja wa ndege jana, na ilipolitamka neno "sufuria" mzee alicheka mpaka akakohoa. Walipata nyingine ya kutaja rangi. Wakaweka na spika ndogo ya sikioni. Iliyomfaa mzee kuliko zote ilikuwa simu ya video ya kawaida: yeye anashika, Kajal anaona, Kajal anamwambia.

"Hatawezana na hii simu bila mwalimu," Kajal alimwambia Tejas jioni ile. "Labda niwe naenda naye dukani asubuhi."

Tejas alikuwa na kazi yake ya kutoa mizigo bandarini. "Utanisaidia sana," akasema.

Ndivyo Kajal alivyoanza kuiona Kariakoo kila siku. Mwanzoni ilimlevya: spika zinazotaja bei, wapagazi wanaopiga mluzi wapishwe, majora ya vitenge yaliyopangwa mpaka barabarani, harufu ya mihogo ya kukaanga. Lakini vyote hivyo alivipita akiwa kwenye kiwiko cha mzee, bila kusimama. Alijifunza kusema maneno kana kwamba anajisemea mwenyewe. "Ngazi hii wataitengeneza lini?" maana yake, inua mguu. "Shomari, leo shati jekundu limekupendeza," maana yake, anayekuja ni Shomari.

Shomari, mtu wa Newala, alikuwa muuzaji wa pale kwa miaka mingi. "Mzee siku hizi ana mlinzi," alitania. Kajal alicheka, akamsogezea mzee kiti.

Nyumbani kulikuwa kugumu zaidi. Wakati wa kula alilisogeza bakuli la mchuzi wa dengu mpaka liguse vidole vya mzee, kisha akatazama kama Jasvanti ameona. Tejas aliuliza, "Mwanafunzi anaendeleaje?" naye akajibu, "Vizuri." Kila jibu lilidai jibu jingine la kulilinda. Mzee alipojimwagia chai ya moto mkononi, Kajal alisema kwamba yeye ndiye aliyemgonga kwa bahati mbaya. Jasvanti alimfokea siku nzima, na mzee alikaa kwenye kochi akisikia, bila kumtetea.

Siku moja ndani ya bajaji alimsihi. "Twende hospitali ya macho. Mimi na wewe tu. Una kisukari, macho si ya kuchezea."

"Ukichelewa kurudi, utamwambia mama mkwe wako ulikuwa wapi?"

Kajal hakuwa na saa yake hata moja katika jiji zima ambayo hapakuwa na mtu wa kuiuliza.

Msimu wa mvua ulipoanza, wakaja wageni kutoka Morogoro, na Jasvanti akamzuia Kajal abaki apike. Mzee akaenda peke yake, Tejas akimshusha mlangoni mwa duka. Saa sita Jasvanti akawapeleka wageni hekaluni. Wezi walikuwa wamewahi kuingia ghorofa ya chini, na tangu hapo alikuwa na desturi ya kufunga geti la chuma kwa nje akimwacha Kajal ndani. Ufunguo wa pili alikaa nao Tejas. Kajal aliizoea sauti ya kufuli lile kama mtu anavyozoea saa ya ukutani.

Alikuwa anakaanga puri, vimkate vya wageni, simu ilipoita. Kwenye kioo aliona mawingu, kisha waya za umeme, kisha bega la mtu.

"Bapuji? Uko wapi?"

"Nje. Kuna mzigo wa hotpoti umefika kwa Bakili, yule muuzaji wa jumla wa mtaa wa pili. Niongoze."

"Shomari yuko wapi?"

"Ana wateja. Nikimwomba anishike mkono nitamwambia nini? Haya, niambie."

Kajal alizima jiko. "Shusha simu kifuani. Kulia kuna mkokoteni, simama. Sasa twende. Meza ya viatu kushoto. Pole pole, Bapuji, kuna tope." Mvua ilikuwa imetoka kupiga na watu walikuwa wanagombania pakavu. Alimvusha mtaa wa kwanza. Alimpitisha katikati ya mabeseni. Alianza kuamini watafika.

"Simama! Bodaboda..."

Picha ikaganda. Kioo kizima kilikuwa tairi la mbele la pikipiki na kipande cha kandambili ya mzee.

"Bapuji! Bapuji!"

Simu ikakatika. Alipiga, haikupatikana. Alipiga tena. Akakimbilia mlangoni kwa miguu mitupu, akalitikisa geti mpaka kufuli likagonga chuma kwa mlio uliojaa ngazi zote. Aliita majirani. Juu hapakuwa na mtu, chini redio ilikuwa inapiga muziki. Akampigia Jasvanti, simu ilikuwa imezimwa, kama desturi ya hekaluni. Namba ya Shomari hakuwa nayo. Hakuna aliyewahi kufikiri kwamba mke wa Tejas atahitaji namba ya mfanyakazi.

Alibaki na mtu mmoja wa kupigia. Alisimama kashika nondo, akajua akibonyeza jina lile, kile alichoahidi kimekwisha, na mzee hatamsamehe. Akabonyeza.

"Kajal, niko forodhani, nitakupigia..."

"Tejas, baba haoni."

"Haoni nini?"

"Haoni. Macho. Tangu Diwali. Yuko barabarani Kariakoo peke yake na simu imekatika na mimi nimefungiwa. Mpigie Shomari, mwambie aelekee kwa Bakili. Sasa hivi!"

Kajal akasikia honi za malori upande wa pili. "Umejua tangu lini?" Tejas akauliza.

"Mpigie Shomari kwanza!"

Alisubiri kwenye sakafu, mgongo kwenye geti. Mafuta ya puri yalipoa. Ilipopigwa simu, ilikuwa namba ngeni.

"Dada Kajal, ni Shomari. Nimempata mzee. Mzima. Ameshikilia nguzo ya umeme, simu imeingia kwenye maji. Watu wanamuuliza anaenda wapi, anawajibu anamsubiri mtu." Akashusha sauti. "Analia, dada. Sijapata kumwona mzee analia."

Jioni hiyo nyumba ilijaa sauti. Tejas alimlaumu baba yake, kisha mkewe, kisha akarudi kwa baba. Jasvanti alilia kwa kuwa kila mtu alijua isipokuwa yeye, ingawa aliyejua alikuwa Kajal peke yake. Mzee aliketi na nguo zilezile zenye tope. Kajal alipomletea maji, aligeuza uso.

"Nilikuomba kitu kimoja," akasema.

Daktari wa macho, mama mpole aitwaye Clotilda, aliwaeleza kesho yake kwamba kisukari kilikuwa kimeharibu nyuma ya macho yote mawili. La kushoto wangelichoma sindano ili lisiendelee kupungua nguvu. La kulia lilikuwa limekwenda. "Mngemleta miezi michache nyuma," akasema, "tungeokoa zaidi." Hakumtazama mtu yeyote aliposema hivyo, lakini Kajal alilisikia neno hilo kama ametajwa kwa jina. Alilibeba kurudi nalo nyumbani, na hata leo hajalitua.

Duka halikupangishwa. Tejas hakuwa mbaya kiasi hicho. Alipomwona baba yake kwenye kiti cha hospitali, hasira ilimtoka. Alipanga mambo upesi, kama anavyopanga makontena. Baba ataendelea kwenda dukani, Shomari atauza, na Kajal atakuwa naye tangu asubuhi mpaka kufunga. "Wewe ndiye unayemjua," alimwambia. Hakuuliza kama anataka. Alinunua simu nyingine, na Kajal akaziweka tena app zilezile.

Wiki zikapita hivyo, wawili hao nyuma ya kaunta, bega kwa bega, bila mazungumzo. Siku moja aliingia mama mmoja akiwa na binti yake, mwanafunzi wa ualimu, wakinunua vyombo vya chumba cha kupanga. Kajal alimuuliza binti maswali mengi, kuhusu watoto, kuhusu nyimbo wanazofundisha siku hizi. Walipoondoka, mzee alisema, "Sauti yako ilibadilika."

"Imebadilikaje, Bapuji?"

"Kama siku ile ya simu ya kwanza." Alipapasa kifuniko cha sufuria mbele yake. "Niliogopa kufungiwa, nikakufungia wewe. Nikakuacha utukanwe kwa ajili ya chai yangu."

Kajal angeweza kusema hapana, si hivyo, kama binti mkwe anavyotakiwa. Hakusema.

Jioni ile, mbele ya wote, mzee alimwambia Tejas kwamba mchana atashikwa mkono na Shomari, hana aibu tena, na kwamba kuanzia saa nane Kajal ana ruhusa ya kwenda anakotaka. "Na asiulizwe," akaongeza. Jasvanti akafungua mdomo. Mzee akarudia, "Asiulizwe."

Siku ya kwanza Kajal alitoka dukani, akasimama kwenye kona, watu wakimpita huku na huku. Hakujua aende wapi. Miguu yake ilisubiri kiwiko cha mtu. Alitembea polepole mpaka Mnazi Mmoja, akarudi nusu njia, akageuka tena. Mwishowe akanunua hindi la kuchoma lenye pilipili na ndimu, akalila amesimama juani, bila haraka, mpaka likabaki gunzi tupu.