Herlinda na Roxana Kwenye Kitambaa Kimoja

Gavana alikuja kwenye mazishi ya mke wangu na miwani myeusi usoni, akanishika mkono, akasema ni bahati mbaya. Bahati mbaya ni kuunguza chapati ya tortila. Askari wake waliwapiga risasi walimu waliogoma uwanjani, na Herlinda alikuwa pale na sufuria ya uji wa mahindi kwa sababu watu walikuwa na njaa.

Tangu hapo simwamini mtu mwenye karatasi mkononi. Yadira aliponiita saluni kwake, nilikwenda nimfukuze mwalimu wa chuo kikuu ambaye Yadira alikuwa amemkaribisha aandike ripoti ya mauaji yale.

Yadira ndiye hunikata nywele. Aliishi na Roxana kama mtu na mkewe, na Roxana aliuawa siku ileile. Kitambulisho cha Roxana kilikuwa bado na jina la kiume alilopewa utotoni. Serikali ikaling'ang'ania jina hilo, ikasema ni mwanamume aliyeuawa kwenye ugomvi wa mapenzi. Ugomvi gani, mbele ya kikosi kizima?

"Keti, don Fulgencio," Yadira akasema. "Hata ukikaa, hasira yako haitakimbia."

"Mimi si mteja leo."

"Najua. Mteja hulipa."

Nikakaa. Kila Jumamosi walikutana pale: wanawake wa mtaani, mashoga, wasagaji, na Mwalimu Itzel Barragán na wanafunzi wake. Walitarizi majina ya waliouawa kwenye vitambaa kwa uzi mwekundu huku wakiulizana nani alitoa amri, na kwa nini risasi huwafuata watu walewale. Walivunjiwa vioo, wakafagia, wakaendelea kushona. Wakubwa wetu wana majumba ya ofisi na hawajawahi kuniuliza hata swali moja.

Walikuwa na sharti: hakuna kinachochapwa kabla ya kusomwa mbele ya wote, na aliyetoa habari ndiye husema ndiyo au hapana.

Kabla ya zamu yangu ya kusomewa habari za Herlinda nilizowapa, ofisi ya gavana ikatangaza kibao cha shaba uwanjani kwa ajili ya "wapita njia wasio na hatia". Jina la Herlinda kwenye shaba! Nilikitaka kibao hicho hadi nikakiota.

Mwalimu Itzel akasoma. Herlinda alikuwa kwenye sura ya wanawake, na sufuria yake, na risasi. Ilipendeza. Roxana hakutajwa.

"Ni sawa, don Fulgencio?"

Ndiyo ilikuwa imefika ulimini. Nikamtazama Yadira. Angenibembeleza, ningekataa kwa ubishi wangu tu. Hakunibembeleza. Alilowesha ncha ya uzi kwa ulimi, akautunga kwenye sindano.

"Roxana yuko wapi?" nikauliza.

"Yuko sura ya tano, pamoja na—"

"Herlinda aliitua sufuria, Mwalimu. Roxana alikuwa chini anavuja damu, Herlinda akaenda kumkumbatia, ndipo askari wakampiga risasi. Nilikuwa ng'ambo ya uwanja, niliona. Walikufa wameshikana. Wewe unawatenganishaje?"

Mwalimu akavua miwani. "Tumewapanga kwa aina zao, kama wanavyofanya serikalini," akasema, wanafunzi wake wote wakisikia. "Nimekosea."

Neno hilo sijawahi kulisikia kinywani mwa mkubwa yeyote.

"Ukiwaweka pamoja, mzee, serikali haitamhesabu Herlinda kuwa mpita njia, na jina lake halitaandikwa kwenye kibao," Yadira akasema polepole. "Fikiri. Hakuna atakayekulaumu."

"Wewe shona."

"Unaniamrisha kwenye saluni yangu?"

"Na uache nafasi ya majina mawili kwenye hicho kitambaa."

Ripoti ikatoka, wote wawili katika sura moja. Kibao nacho kikatoka, bila Herlinda. Siku ya kukizindua tulifunga kitambaa chetu kwenye uzio chini yake: Herlinda, Roxana, kwa uzi mwekundu.

Gavana akanong'ona, askari mmoja akatumwa. Akakisoma, akatutazama, kisha akaanza kulifungua fundo la upande wa Roxana.

Nikasimama mbele yake. Magoti yananiuma siku hizi. Yadira akaja kushoto kwangu, Mwalimu Itzel kulia, wengine wakajaa nyuma.

"Huyo ni ndugu yako, mzee?" askari akauliza, mkono ungali kwenye jina la Roxana.

"Mke wangu alikufa amemkumbatia," nikamwambia. "Toa mkono."

Akautoa.