Ndoo ya Tatu

Winfrida, mtafiti wa mbegu, aliniachia ndoo tano barazani kwangu Mtua. Kila ndoo ilikuwa na aina yake ya mpunga, mbegu zimefukiwa kwenye udongo na kufunikwa na maji. Alitaka kujua ni aina ipi yenye jeni ya kuiwezesha kuota bila hewa. Tulipatana kila asubuhi anipigie simu, nami nimsomee vipimo vya rula.

Tangu mume wangu Teofili azikwe, hakuna aliyenipigia simu ila waliokosea namba.

Baada ya wiki mbili, mbegu za ndoo zote zilikuwa zimeota.

"Haiwezekani, mama," alisema Winfrida. "Maji umeyafanya nini?"

"Nayabadilisha kila siku, mbegu zisioze. Hata mtoto anajua!"

"Maji mapya yanaleta hewa, mama! Umeniharibia. Tunaanza upya."

Nilijifanya nimenuna, kumbe moyoni nilishangilia wiki mbili nyingine.

Safari hii maji sikuyagusa, ingawa yalinuka na nilitamani sana kuyamwaga. Mbegu za ndoo nne zilioza. Za ndoo ya tatu zilirefusha machipukizi kwanza, mizizi baadaye, hadi yakatoboa maji na kupata hewa. Winfrida alipiga vigelegele, akaja kuchukua miche yake, akaniachia mmoja.

Simu haijaita tena. Ule mche bado naupima kila asubuhi. Leo ni sentimita arobaini na mbili. Simu ninayo hapa, ina chaji.