Mpiga Muheme wa Gulwe

Siku Zipora alipofariki, uwele ulikuwa umekwisha kuvunwa na kina mama wa Gulwe walikuwa wakiwaandaa wasichana kutoka unyagoni. Aliamka mzima, akakoroga uji, akasema kifua kinambana kidogo, akajiegemeza ukutani mwa tembe. Binti yake Loisi alipomletea maji, mwili bado ulikuwa na joto, lakini mwenyewe hayupo.

Habari zilifika kila upande, na kila upande walimlilia kwa jina lao. Kanisani walimlilia Zipora, mke wa mzee wa kanisa Yotham, aliyewafundisha wanawake kusoma. Uwanjani walimlilia Sechelela, jina alilopewa na bibi yake, mpigaji mkuu wa muheme, ile ngoma ya wanawake wa Kigogo inayobanwa mapajani na kupigwa kwa viganja. Upande ule wote hakuna msichana aliyetolewa unyagoni bila yeye.

Waliomuuliza yeye hasa ni nani kati ya hao wawili aliwacheka. "Ng'ombe ana pembe mbili," alikuwa akisema. "Mmewahi kuuliza ipi ndiyo ng'ombe?"

Yotham alimwoa angali mchunga ng'ombe, na ngoma ikaja pamoja na bibi harusi. Baadaye mume akabatizwa, mke naye akabatizwa, na wazee wakasema mama Mkristo hawezi kubana ngoma mapajani mbele ya watu. Zaidi ya mara moja walimtenga na meza ya Bwana. Alikaa benchi la nyuma kabisa, mgongo umenyooka, na kesho yake akafundisha herufi kama kawaida. Loisi alinyonyeshwa kati ya wimbo na wimbo. Yotham alipokwenda kuchimba njia ya reli akarudi na mguu uliovunjika, mbuzi aliopewa mkewe kwa kazi ya muheme ndio walioiweka nyumba hai.

Mwaka ambao Mjerumani alitaka ngoma zote zikusanyike bomani Mpwapwa kwa sikukuu ya Kaisari, Zipora alimwambia askari aliyetumwa, "Muheme hupigwa msichana anapokuwa mwanamke. Kaisari anakuwa mwanamke lini?" Askari alicheka mpaka akashika ukuta. Alikwenda kusema bomani kwamba mama huyo ni mgonjwa.

Loisi alijifunza ubavuni mwa mama yake, na hakuna mwingine aliyeujua mpigo wote. Lakini Loisi alikuwa mchumba wa Silvano, mwalimu kijana wa misheni, na Silvano alikwisha kusema waziwazi kwamba mke wa mwalimu hagusi muheme. Mama alipokuwa hai, jibu la Loisi liliweza kungoja. Sasa halikuwa na pa kujificha.

Baada ya maziko, kina mama wa ngoma walikuja wakaketi uani, wakiongozwa na Mama Mazengo. Wazee wa kanisa nao walikuwepo, na Bartolomayo, mkubwa wao, hakungoja hata uji upoe.

"Mzee Yotham, jambo hili liishe na marehemu. Ngoma itiwe moto, nyumba isafike."

"Itie wewe, baba," alisema Mama Mazengo, "halafu tuone ni nani atakayekupikia ugali leo jioni."

Kina mama wakaziba midomo kwa kanga. Loisi alimtazama baba yake, akitegemea atainamisha kichwa kama alivyofanya miaka yote. Yotham akakohoa.

"Bartolomayo, ngozi ya muheme ikipata baridi hulegea. Sharti ioteshwe moto kabla ya kupigwa. Ulidhani ni nani aliyekuwa akiiotesha?"

"Si hawa wanawake?"

"Ni mimi. Tangu nilipooa. Yeye anasuka nywele, ananyonyesha, mimi nimekaa na ngoma motoni, naigonga kwa kidole mpaka iitike. Hata miaka mliyomtenga. Yeye akakaa nyuma, mimi nikakaa mbele pamoja nanyi. Mngetutenga wote wawili."

"Mwanamume mzima!"

"Mzima," Yotham alisema, "ukiutoa huu mguu."

Safari hii mzee mmoja wa kanisa naye alicheka. Bartolomayo alichukua fimbo yake akaondoka bila kuaga.

Silvano alikuwa amesimama mlangoni. Loisi alimwendea.

"Mwalimu, umesikia."

"Nimesikia, Loisi. Lakini baba yako ana shamba na ng'ombe. Mimi nala kwa kazi ya misheni. Wakinifukuza, tutakula nini?"

"Tutakula kama tulivyokula humu ndani."

"Nipe muda."

"Chukua. Wasichana hawana."

Akaingia ndani, akaitoa ngoma, akaiweka mbele ya Mama Mazengo, kisha akaketi nyuma ya ngoma na kuuliza wataanza na wimbo upi. Mama Mazengo alimfuta machozi kwa kiganja, akamtajia wimbo.

Ndoa iliyokuwa ifungwe mwezi ujao imesogezwa mpaka baada ya mvua, na Silvano bado hajaleta neno. Keshokutwa wasichana wa Gulwe wanatolewa unyagoni, na anayewapigia ni Loisi.