Moto wa Rwamba

Rwamba alianza ngumbaru, masomo ya watu wazima, akiwa tayari nyanya, katika kanisa la udongo la kijiji kipya karibu na Karurumo, walikohamishiwa kwa nguvu wakati wa Hali ya Hatari. Alasiri moja Mwalimu Bundi aliwaeleza wanafunzi wake asili ya neno walilolichukia kuliko yote: kafyu, amri ya kutotoka nje usiku. Zamani, alisema, Waingereza walilipokea kutoka kwa Wafaransa, na maana yake ilikuwa kufunika moto. Kengele ya jioni ikilia, watu walifukia makaa kwa majivu ili nyumba zisiungue, na asubuhi moto ukapatikana.

Wanawake walitazamana. Hata wao walilaza moto hivyo tangu enzi za mama zao. Lakini homugadi, askari wa kijiji waliowatumikia Wazungu, walikuwa wametoa amri nyingine: filimbi ikilia, maji yamwagwe mekoni, maana moshi unawaita wapiganaji wa msituni. Asubuhi hakukuwa na jirani wa kuombwa kaa.

Mjukuu wa Rwamba, mtoto wa binti yake Wanjira, alizaliwa kabla ya mwezi wake. Baridi ya mlimani ilikuwa imeifanya miguu yake kuwa ya samawati. Rwamba alimwomba Mungu, kisha akafukia makaa.

Jioni ile filimbi ilipolia, Kivuti wa homugadi aliingia na mkebe wa maji. Utotoni alikula sana mekoni kwa Rwamba.

"Mama, umezima?"

Majivu yalionekana yamekufa. Kusema ndiyo kungetosha. Lakini midomo ya Rwamba ilikuwa imetoka kumwomba Mungu sasa hivi.

"Nimefunika. Ndiyo maana ya kafyu."

Kivuti alicheka. "Leo nyanya anatufundisha Kizungu! Nani amekuambia hayo?"

Mkebe uliinama juu ya mafiga. Mtoto alikohoa.

"Mwalimu Bundi," Rwamba alisema.

Kivuti aliinua mkebe, akaenda zake bila kumwaga.

Asubuhi makaa yalikuwa mekundu, na miguu ya mtoto ilikuwa na joto. Wanawake walikuja na vigae kuomba moto. Wa mwisho alikuwa Karambu, mke wa mwalimu, macho yamevimba. Alfajiri homugadi walimchukua mumewe, ili akajibu kwa nini anawafundisha watu kuvunja amri. Hakujua wamempeleka wapi. Watoto walikuwa hawajala.

Rwamba alimchagulia kaa kubwa kuliko yote.

"Mungu akubariki, mama," Karambu alisema. "Nani alikuachia moto?"

Rwamba alitaka kusema ni Mungu.

"Mume wako," alisema. "Keti, nikuambie."