Mkalimani wa Fundi

Fundi cherehani hakusikia tangu utotoni, lakini mikono yake ilikuwa na maneno kuliko soko zima. Mwezi wa tatu baada ya mtoto wake kufia tumboni, alikuja kliniki kwa mshauri nasaha. Wifi yake, dada wa mumewe, akakaa katikati yao kutafsiri.

"Usingizi unakuja?" mshauri aliuliza.

Mikono ya Fundi ikaruka. Ikabeba kitu, ikakikumbatia, ikanyang'anywa. Dakika nzima ikapita.

"Anasema hajambo, anamshukuru Mungu," Wifi akasema.

"Yote yale ndiyo 'hajambo'?"

"Sisi ndio tunaishi naye. Wewe umemjua jana."

Mshauri akampa Fundi kalamu na karatasi. Fundi aliishia darasa la tatu. Aliandika kwa herufi kubwa, akikandamiza mpaka karatasi ikatoboka: ANASEMA YAKE. MIMI SIJASEMA.

Mshauri akaahirisha kikao, akaenda kwa mkuu wa kliniki kuomba mkalimani. Mkuu hakuinua macho kwenye ratiba.

"Ndugu yake si yupo? Foleni imefika getini, wewe unatuletea makuu. Endelea naye hivyo hivyo."

"Basi niandikie hivyo, utie sahihi. Mimi simtibu mtu kwa mdomo wa mwingine."

Mkuu akashika kalamu. Akaizungusha. Akaiweka.

"Mtafute huyo mkalimani wako. Lakini akichelewa, shauri yako."

Hakuchelewa. Alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya viziwi, na Jumanne iliyofuata alifika kabla mlango haujafunguliwa. Wifi naye alifika, akaja juu palepale kizingitini.

"Mambo ya nyumbani hayamwagwi kwa watu baki!"

Fundi akamshika mabega, akamgeuza taratibu kama anayempima nguo, akamketisha kwenye benchi la nje. Akafunga mlango.

Ndani, mikono ikaanza, na mwalimu akaipa sauti: "Mwanangu alizikwa sijamwona. Nilipozinduka wodini, walikuwa wamesharudi kutoka makaburini. Nikiuliza kaburi, naambiwa nisahau, nitapata mwingine. Sitaki mwingine. Namtaka huyo. Jina nimeshampa."

Mshauri hakumwambia Fundi asamehe, wala kwamba Mungu ana mipango yake. Alimuuliza, "Unataka kifanyike nini?"

"Wifi aingie. Leo mimi nasema, yeye atulie."

Wifi akaingia, akasimama karibu na dirisha. Fundi akamuuliza kwa ishara tatu fupi: nani aliamua nisimwone?

Wifi alijaribu kuangalia pembeni, lakini lugha ya mikono haina pembeni. Machozi yakamtoka. Akajibu kwa mikono huku akisema kwa sauti, kama aliyechoka kuficha:

"Mimi. Nilimbeba mwenyewe. Nilidhani nakupunguzia. Kila ukiuliza hapa, ningetafsiri vipi? Ningekuwa najishtaki."

Mshauri alisubiri wakumbatiane. Hawakukumbatiana. Fundi alichukua mkoba wake, akautupia begani.

"Hukunipunguzia kitu," mikono ikasema, na mwalimu akayarudia maneno bila kuyalainisha. "Nipeleke. Sasa hivi."

Wakatoka, wakaipita foleni na mlango wa mkuu uliokuwa wazi. Kati yao wawili, aliyeijua njia ya kaburi hilo ni Wifi peke yake, lakini aliyetangulia ni Fundi.