Mtaalamu na Jitu la Nta

Kila Jumapili mchana, meza ya chakula nyumbani kwa Mwenyekiti iligeuka nchi ya majitu. Mwenyekiti hakuwa mwenyekiti wa kitu chochote kikubwa. Alikuwa mwenyekiti wa vitu vingi vidogo: kamati ya maji ya mtaa, kamati ya wazazi, na kamati ya kutafuta wajumbe wa kamati nyingine. Kote huko alisifiwa kwa jambo moja, kwamba hakuna aliyewahi kutoka kwenye kikao chake amenuna. Kwamba hakuna pia lililowahi kuamuliwa, hilo halikusemwa, maana wajumbe walikuwa waungwana.

Majitu hayo yalikuwa ya mchezo, na mchezo huo aliuleta shemeji yake, kaka wa mkewe, fundi wa majokofu. Yeye ndiye aliyekuwa msimulizi. Alikaa nyuma ya kipande cha boksi akieleza mapango na mito, wenzake wakasema wahusika wao wanafanya nini, kisha dadu zikarushwa kuonyesha kama wamefaulu. Mke, mwalimu wa udereva, alikuwa Shujaa wa shoka. Alimlea Shujaa huyo kwa miaka miwili, tangu akiwa kibarua asiye na viatu mpaka akawa mtu wa kuogopwa nchi nzima, na alimpenda kuliko baadhi ya ndugu zake wa damu. Mama mzazi wa Mwenyekiti alianza kwa kuja kuchungulia watu wanafanya dhambi gani. Sasa alikuwa mpiga mishale, na hakukosa mchezo hata mgongo ukimuuma. Mwenyekiti mwenyewe alikuwa mchawi, ila mama alisema neno hilo halitatamkwa kwenye meza ya kulia chakula. Baada ya mashauriano marefu wakakubaliana aitwe Mtaalamu.

Jumapili hiyo Mtaalamu alikuwa amepanda ngazi kwenye mchezo. Shemeji akampa alama nne aziweke kwenye mapigo yake: moto, barafu, radi au udongo. Ukizirundika mahali pamoja, akaeleza, pigo linaangusha jitu. Ukizitapanya, kila pigo linabaki na nguvu ya kiberiti. Na mbele yao kulikuwa na daraja, na juu ya daraja limesimama Jitu la Nta, refu kuliko nyumba.

Mke alitaka moto. Shujaa wake ndiye angetangulia, na shoka haliwezi kupita kwenye nta ngumu. Jitu liyeyushwe kwanza, yeye amalize kazi. Mama alitaka barafu. Nta ikigandishwa inakuwa kavu, alisema, na kitu kikavu ukikipiga mshale kinapasuka kama sahani. Wote wawili walikuwa na hoja, na huo ndio ulikuwa msiba wenyewe.

Mwenyekiti aliijua njia hii. Sebule ile ile walimokaa haikuwa na mapazia tangu mama ahamie, kwa sababu mama alitaka mazito na mke alitaka mepesi, na Mwenyekiti alikuwa bado anakusanya maoni. Majirani walishazoea kuwapungia mkono wakiwa wanakula.

Mke akamwinamia. Alikuwa na sauti ile anayoitumia na mwanafunzi aliyezimisha gari katikati ya barabara.

"Leo tu, Mwenyekiti," alisema. "Chagua."

Mwenyekiti akasimama. Alishukuru upande wa moto kwa mchango wake mzuri, akashukuru upande wa barafu kwa busara yake, akakumbusha kwamba umoja ni nguvu. Kisha akatangaza kwamba ameweka alama moja kwenye moto, moja kwenye barafu, moja kwenye radi na moja kwenye udongo. Radi na udongo hakuna aliyeziomba, lakini aliona si vizuri kuzibagua. Akaketi akiwa mwepesi wa moyo, na shemeji akajikuna kichwa nyuma ya boksi.

Shujaa akatangulia. Mtaalamu akarusha moto wake wa alama moja, na nta ikalainika bila kuyeyuka. Shoka likazama, na kwa kuwa halikukuta mahali pa kukomea, mkono ukazama nalo mpaka begani. Mke akasimama kwenye kiti. Moto mwingine mmoja, alimwambia mumewe, hata huo huo mdogo, kisha jitu ni la kwake.

Mwenyekiti akamtazama mama, akatazama dadu. Akasema kwa haki kabisa kwamba moto umeshapata nafasi yake, sasa ni zamu ya barafu.

Barafu ikafanya kazi vizuri kuliko yote aliyowahi kuyafanya Mtaalamu. Nta ikaganda upya, na Shujaa akabaki ndani yake kama utambi ndani ya mshumaa. Mke akarusha dadu kujinasua, zikamkatalia. Akarusha tena, zikamkatalia. Shemeji akasema kwa huzuni kwamba Shujaa ameishiwa pumzi, na sheria ilikuwa ni ile ile tangu mwanzo: aliyekufa hafufuki.

Mke hakupiga kelele. Alizikusanya dadu zake, machozi yakimlengalenga machoni, na hakujali kama yanaonekana.

"Nilitaka uchague kimoja," alisema. "Hata ungechagua barafu."

Mwenyekiti alichomwa hasa na maneno hayo. Akamgeukia mama, maana mtoto akipigwa hukimbilia kwa mama, akisema kwamba yeye alitaka tu asimuudhi mtu.

"Usinitazame mimi," mama akamjibu. "Baba yako angekuwa mahali pako, angempa mke moto, si mama. Mimi ningenuna mpaka Jumatano, halafu ningezoea. Kununa hakuui, mwanangu."

Akashika mgongo wake, akainuka, akaburuta kiti mpaka ubavuni kwa mkwe wake. Akamuuliza shemeji kama mpiga mishale aliyechoka anaruhusiwa kustaafu na kuanza upya na mwenziwe. Shemeji akasema anaruhusiwa. Basi wakaanza kuwaunda dada wawili wa shoka, wakibishana mkubwa awe yupi, mama akitaka awe wake, mke akikataa katakata, na hakuna aliyeomba usuluhishi. Dada hao wakaondoka kwa njia ya mto.

Shemeji akarudi kwa Mtaalamu. Jitu bado limesimama, akasema, na limeshamwona. Anakimbia, au anapigana?

Mwenyekiti akakohoa kidogo, akasema angependa kwanza kusikia maoni ya wenzake.

"Shemeji," fundi akamwambia taratibu, "hapo darajani uko peke yako."