Kiti cha Ukurasa wa Mafumbo

Saa tatu kasoro robo asubuhi, kama kila Jumanne, Bi Deki alikamua tambara kwenye ndoo, akapiga magoti mbele ya kabati la vyombo vya chai, akagonga sakafu mara tatu kwa mpini wa brashi.

"Haya jamani," akasema. "Leo wanataka mwenye q, mwenye z na mwenye l, wote kwa mmoja. Na awe mrefu. Msinitolee vitoto."

Nyuma ya kabati kukawa na mchakarisho kama wa kuku kwenye majani makavu. Neno likatoka, herufi moja nyuma ya nyingine, vumbi mgongoni: tranquillizers. Urefu wake ulikuwa mkono mzima, kutoka begani hadi ncha ya kidole. Bi Deki akalifuta kuanzia kwenye t, na alipofika kwenye q akazungusha kidole vizuri kwenye mkia, maana uchafu ndiko unakopenda kujificha. Akalilaza kwenye sinia, akalipeleka chumba cha tatu kwa Profesa.

Profesa hakuwa profesa wa kitu chochote, ni miwani tu. Yeye ndiye aliyekuwa na ukurasa wa mafumbo wa gazeti la kila wiki lililotoka kwenye ofisi ile. Gazeti linataja herufi tatu, wasomaji wanatafuta neno refu la Kiingereza lenye herufi hizo zote, na wiki inayofuata gazeti linatoa la kwake. La gazeti lazima liwashinde wote, la sivyo linaumbuka. Na kwa miaka ishirini liliumbuka mara moja tu, wiki ile Bi Deki alipokwenda msibani.

"Kumi na nne," Bi Deki alisema, akiweka sinia mezani. "Nimemhesabu nikimwogesha."

"Mama, wewe ni kiboko," Profesa akasema, akanakili.

Kiingereza Bi Deki alikuwa hakijui hata cha kuombea maji. Aliishia darasa la nne. Hizo q na x shuleni hakuwahi kufundishwa, kwa sababu Kiswahili hakina kazi nazo, kwa hiyo alizichukulia kama wageni na kuzifuta kwa upande laini wa tambara.

Mambo yalianza mwaka wake wa kwanza pale. Kabati lilikuwa limevunjika mguu, na mtu alilitegemeza kwa kamusi kubwa ya Kiingereza isiyo na jalada. Wafagiaji waliomtangulia walikuwa wakifuta mpaka ukingoni mwa kabati, basi, wanageuza. Yeye akalivuta kabati. Kamusi akaifuta ukurasa kwa ukurasa, mwezi mzima, akaweka tofali mahali pake, na kitabu akakifunga kitambaa safi, akakirudisha kulekule nyuma. Tangu hapo maneno yakawa yanatoka akiyaita. Mafupi hayakuwa na shida, yana kazi kila mahali. Lakini marefu hukaa mwaka hata miaka bila mtu kuyatamka, mpaka viungo vinakaza. Kwao kufutwa si jambo dogo.

Ofisi nzima ilijua. Mpiga picha akikutana na neno koridoni hulivuka tu na kikombe chake cha chai.

Tatizo lilikuwa magoti. Daktari aliyashika, akayakunja, akayasikiliza, akasema, "Mama, haya yamekwisha. Kazi ya kukaa utafanya hata miaka kumi. Ya kupiga magoti, mwisho mwaka huu."

Ikawa mwaka huohuo Profesa naye macho yakagoma, akaaga kazi. Akaacha kiti chenye mgongo na mto.

"Kiombe," alimwambia Bi Deki. "Mimi hapa nilikuwa mnakili tu. Mwenye ukurasa ni wewe."

Akaomba. Akaitwa mbele ya Mhariri na mama wa utumishi. Mhariri akataja c, v na s. Bi Deki akapiga magoti kwenye zulia, goti moja likalia kama kuni, akagonga kwa vidole. Neno likachelewa kidogo kwa sababu ya kona ya korido. Kisha likapita chini ya mlango: counterrevolutionaries. Kichwa kilifika mezani, mkia bado uko nje. Mama wa utumishi akasogeza mkoba wake lipate njia. Mhariri akalipima kwa rula, mara mbili.

"Ishirini na mbili. Refu kweli. Hongera sana, Bi Deki."

"Asante, mwanangu."

"Sasa cheti cha Kiingereza umekuja nacho?"

"Sina."

"Hata nakala?"

"Mwanangu, cheti chenyewe sina, nakala nitaitoa wapi?"

Mama wa utumishi akacheka, akajizuia. Bi Deki akaonyesha mezani. "Kwani huyu hatoshi?"

Mhariri akalitazama neno kwa heshima, upande huu na upande ule. "Anatosha," akasema. "Ila hana muhuri."

Kiti akapewa mpwa wa Mhariri, mwenye vyeti vitatu, vyote vya kutundika. Jumanne yake ya kwanza aligonga kabati kwa kiatu. Likatoka ox, likamtazama, likarudi ndani.

"Shikamoo, Bibi," mpwa akasema, alipomfuata Bi Deki. "Hawataki kutoka."

"Marahaba. Umewahi kuwafuta?"

Mpwa akaangalia mikono ya shati lake jeupe. "Nitakuwa nakuletea herufi, Bibi. Wewe wamekuzoea."

Hivyo Jumanne zikaendelea kama zamani, magoti yaleyale, sakafu ileile. Mpaka ile Jumanne aliyoshuka nusu, magoti yakakwama. Akabaki ameshika kabati, hashuki, hapandi.

"Jamani," akasema kuelekea nyuma ya kabati, "leo chini sifiki. Mnisamehe."

Kisha counterrevolutionaries likatoka, bila kuitwa na mtu. Likamzunguka mara moja, likajikunja. T zake mbili na i zake mbili zikasimama zikawa miguu, o tatu zikajipanga zikawa mto, na zilizobaki zikapanda nyuma zikawa mgongo. Bi Deki akakaa kwa adabu, nusu tako kwanza. Kikashika. Akakaa lote. Miaka ishirini hakuwahi kukaa ndani ya ofisi ile.

Mpwa akaja na kikaratasi chake. "Kinakaa vizuri, Bibi?"

"Kinakaa."

"Leo ni h, r na y."

Akaziita akiwa ameketi. Likatoka uncharacteristically, akalifutia mapajani, taratibu, mpaka likang'aa. Mpwa akalipokea kwa sinia, mikono miwili.

Mhariri akapita kuchukua chai. Akasema kiti ni kizuri, na Bi Deki akimaliza kukaa, kuna maji yamemwagika mlangoni kwake.

Alhamisi gazeti likatoka. Neno juu, limenyooka ukurasa mzima, na chini yake picha ya mpwa, anacheka. Bi Deki alilikuta limeachwa kwenye meza ya chai, lina chembe za sukari. Akavuta kiti chake, akalipangusa. Alianzia kwenye u, akaenda herufi kwa herufi mpaka y. Na kwa kuwa picha ilikuwa ukurasa huohuo, nayo akaifuta.